Uliza Mwalimu: Kazi ya nyumbani mia, mtihani aibu

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia mahali pamoja: simu, kompyuta na hii akili mnemba, na vinavyotufanya sisi na watoto wetu katika mambo ya kusoma. Nimechagua chache. Ndefu nimezipunguza, majina nimeyaacha. Atakayejiona ajue ni yeye.

Mwalimu, hujambo? Binti yangu yuko sekondari. Tangu mwaka jana kazi zake za nyumbani za hisabati zinarudi na alama za juu kabisa, mpaka nikaanza kutamba kwa ndugu. Mtihani wa muhula umekuja, kapata alama ambayo siwezi hata kuitaja. Nilipombana akaniambia, bila wasiwasi wowote, kwamba huwa anaiuliza akili mnemba kwenye simu, ila "anasoma maelezo yote na anaelewa". Nimnyang'anye simu?
*Mama Aliyeshangaa*

Mama, pole. Usimwone binti yako kuwa mwongo. Anaposema anaelewa, anaamini kabisa anachosema, na hapo ndipo penye ugumu.

Kuna jaribio lililofanywa katika shule moja ya sekondari nchini Uturuki, likachapishwa mwaka 2025 katika jarida la PNAS la Marekani. Wanafunzi karibu 1,000 walifanya mazoezi ya hisabati katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilitumia kitabu na daftari kama ilivyo siku zote. La pili lilipewa programu ya akili mnemba inayojibu chochote unachouliza. La tatu lilipewa programu ya namna hiyo hiyo, ila imeagizwa itoe vidokezo na isitoe jibu. Wakati wa mazoezi, kundi la pili liliwapita wenzao wa daftari kwa asilimia 48, na la tatu kwa asilimia 127. Ungeona madaftari yao siku hiyo ungepiga vigelegele. Kisha programu zikaondolewa, ukaja mtihani wa kalamu na karatasi. Wale waliokuwa wakipewa majibu walifanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuigusa programu yenyewe. Kundi la vidokezo likawa sawa tu na la daftari.

Linalokuhusu wewe zaidi ni hili: wale walioshuka hawakujua kwamba wameshuka. Walipoulizwa, hawakuona kama wamejifunza pungufu ya wenzao. Ndiye binti yako huyo.

Ngoja nikuonyeshe jambo hili linavyotokea juu ya hesabu moja. Shule ina wanafunzi 100. Mwaka huu wameongezeka kwa asilimia 20. Mwaka ujao watapungua kwa asilimia 20. Watakuwa wangapi? Mtoto akiiuliza simu ataona: 100 inakuwa 120, asilimia 20 ya 120 ni 24, 120 toa 24 ni 96. Atasoma, atatikisa kichwa, ataandika 96, ataendelea na swali linalofuata. Kila hatua ni ya kweli na kila hatua imemwingia. Sasa mwache afanye mwenyewe. Karibu kila mtoto niliyewahi kumpa swali hili aliandika 100, kwa sababu imepanda ishirini na imeshuka ishirini, imerudi ilipokuwa. Mwambie amekosea. Atabisha. Atarudia, atabisha tena, halafu ghafla ataona kwamba ile ishirini ya pili imekatwa kwenye kitu kikubwa zaidi. Mtoto huyo huhitaji kumkumbusha tena maisha yake yote. Yule wa kwanza, wiki mbili baadaye kwenye mtihani, ataandika 100.

Kumtazama mwenzio akiogelea hakukuzuii kuzama. Simu haikumdanganya binti yako. Ilimnyima tu lile kosa alilotakiwa alifanye kwa mkono wake.

Watafiti wa kumbukumbu walilijua jambo hili kabla akili mnemba haijaingia mifukoni. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena na tena. Wengine walivisoma, wakavifunika, wakajaribu kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio walioongoza. Binti yako anajipima katika zile dakika tano. Mtihani unampima baada ya wiki.

Kwa hiyo simu usimnyang'anye. Ukimnyang'anya ataazima ya rafiki, na wewe utakuwa askari wa nyumba. Badilisha mpangilio. Daftari kwanza, na aandike kwa kalamu ya wino, si penseli, ili makosa yabaki yanaonekana. Akikwama kabisa ndipo aishike simu, na maneno ya kuiambia ni haya: "Nimejaribu hivi. Usinipe jibu. Niambie hatua ipi nimekosea." Programu nyingi zitamtii. Kisha kesho yake afanye swali linalofanana na lile lililomkwamisha, simu ikiwa chumba kingine. (Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas wa mwaka 2017 uliosema kwamba simu ikiwa mezani tu, hata bila kulia, inapunguza umakini. Waliorudia jaribio hilo hawakupata majibu yanayofanana, kwa hiyo siapii. Lakini chumba kingine hakigharimu chochote.)

Na wewe, hata kama hisabati uliiacha siku nyingi, kazi unayo. Chukua daftari, weka kidole kwenye mstari wowote, muulize: "Hii imetoka wapi?" Huhitaji kujua jibu. Utalisikia likimtoka kwa urahisi, au utamsikia akitafuta maneno.

Shikamoo Mwalimu. Mimi nina miaka 13. Kama kila kitu kiko kwenye simu, kwa nini tunalazimishwa kukariri? Mwalimu wetu tukimuuliza anasema "ndivyo ilivyo".
*Mdadisi*

Marahaba, mwanangu. "Ndivyo ilivyo" huwa tunasema saa saba mchana tukiwa tumechoka, msamehe. Swali lako ni zuri na lina jibu.

Soma sentensi hii: "Damu yenye oksijeni kidogo huingia atiria ya kulia, hushuka ventrikali ya kulia, kisha husukumwa kwenda mapafuni." Kama tayari unajua oksijeni ni nini, atiria ni vyumba vya juu vya moyo na ventrikali ni vya chini, umeisoma mara moja na picha umeipata: damu inaingia, inashuka, inatoka. Unaweza hata kuanza kujiuliza kwa nini iende mapafuni kwanza. Kama hujui, fungua simu utafute atiria. Umeipata. Rudi. Tafuta ventrikali. Rudi. Sasa ni nini kilikuwa kinaingia wapi? Sentensi imeshapotea. Akili ya mtu, ya mtoto hata ya profesa, inashika vitu vipya vichache tu kwa wakati mmoja, kama vinne hivi. Ulichokwisha kukijua vizuri hakichukui nafasi hiyo. Ndiyo sababu ya kukijua: kikupishe ufikiri.

Sababu ya pili ni kwamba simu hukosea, na anayejua ndiye anayeshtuka. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani hoja zenye kesi za zamani walizopewa na ChatGPT. Kesi kadhaa hazikuwahi kuwepo duniani. Mmoja wao alikuwa ameiuliza programu ile ile kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamjibu kwamba ni za kweli. Jaji aliwatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000. Hao ni watu wazima wenye digrii, walioacha kusoma kazi yao wenyewe.

Ila nikukubalie na wewe kidogo. Yapo tunayowakaririsha ambayo hata mimi sioni maana yake: orodha ya tarehe bila kisa, tafsiri ya neno kwa maneno yale yale ya kitabu mpaka nukta. Ukibanwa na hayo, bisha kwa adabu. Jedwali la kuzidisha usibishe. Utalitumia kesho kwenye aljebra, na kwenye aljebra hakuna nafasi ya kwenda kutafuta saba mara nane.

Mwalimu, mimi ni mzee, nina wajukuu. Hawajui kwa kichwa namba ya simu hata ya mama yao. Njia ya mahali walikokwenda jana wanaiuliza simu tena leo. Sisi tuliambiwa kitu mara moja. Huku si kuharibika kwa akili?
*Babu Msomaji*

Shikamoo Mzee wangu. Malalamiko haya yana umri kuliko wewe na mimi: Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anatusimulia kwamba mwalimu wake Socrates alilalamikia uandishi, kwamba watu wakishaweza kuandika watasahau. Na alikuwa na haki kidogo, kwa sababu tumepoteza uwezo wa kushika tenzi nzima kichwani. Tukapata maktaba.

Kwa namba za simu usihuzunike. Mwaka 2011 Betsy Sparrow na wenzake walichapisha majaribio kwenye jarida la *Science* yakionyesha kwamba mtu akijua kitu kimehifadhiwa kwenye kompyuta, hukikumbuka chenyewe kidogo zaidi na kukumbuka zaidi kilipo. Magazeti yakapiga kelele kwamba intaneti inatufuta ubongo. Watafiti wengine walipokuja kurudia moja ya majaribio hayo miaka michache baadaye, matokeo hayakurudi. Kwa hiyo kelele zilizidi ushahidi. Mimi nawaambia watoto wakariri namba moja tu, ya mtu atakayepokea usiku wa manane simu yao ikiwa imeibwa. Nyingine zote zikae mtandaoni.

Kwenye njia, hapo nakuunga mkono. Madereva teksi wa London, ili wapewe leseni, hujifunza kwa kichwa mitaa ipatayo 25,000, na masomo hayo huchukua miaka. Eleanor Maguire na wenzake walipowapiga picha za ubongo mwaka 2000 waliona kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ambayo hushughulika na kumbukumbu na njia, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Mwaka 2011 wakaonyesha kwamba ilikua kwa waliofaulu mtihani ule, na haikukua kwa walioshindwa. Ubongo unajengwa na kazi unayopewa. Safari ijayo, mwambie mjukuu aitazame ramani kabla ya kutoka, akueleze mtapita wapi, kisha simu aiweke mfukoni. Mkipotea kidogo, mtakuwa na stori ya kurudi nayo.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha hisabati kuanzia darasa la nne hadi la saba. Mkuu wetu anataka kalkuleta zipigwe marufuku shule nzima. Wazazi wanataka ziruhusiwe, "dunia imebadilika". Wewe uko upande gani?
*Chaki na Vumbi*

Niko na mkuu kwa darasa la nne, na wazazi kwa waliobaki. Usiseme nakwepa, nina sababu.

Ugomvi huu ulianza mara tu kalkuleta zilipoingia mfukoni. HP-35, kalkuleta ya kwanza ya kisayansi ya kubebeka mfukoni, ilitoka mwaka 1972, na walimu wakaanza kugombana kabla betri hazijaisha. Mwaka 1986 Ray Hembree na Donald Dessart walikusanya tafiti 79 zilizokuwa zimefanyika mpaka wakati huo. Walikuta kwamba wanafunzi waliotumia kalkuleta pamoja na ufundishaji wa kawaida hawakupoteza ufundi wa kalamu na karatasi. Wengi waliuboresha, na hisabati wakaipenda zaidi. Darasa moja tu lilitoka nje ya mstari: la nne. Hapo matumizi ya mfululizo yalionekana kuwazuia watoto wa wastani kujenga stadi za msingi. Ukifikiri utaona ndiyo umri ambao kuzidisha na kugawanya bado kunakomaa.

Kwa hao wakubwa, hatari iko kwingine: mtoto huacha kulitazama jibu. Nimelisahihisha kosa hili mpaka wino ukaisha. Swali: 48 mara 52. Kidole kimeteleza, kimebonyeza 502. Kalkuleta imesema 24,096, na mtoto ameandika 24,096, amepiga mstari mara mbili chini yake, kwa rula. Hakuna kengele iliyolia kichwani. Mwenzake aliyezoeshwa kukadiria anajua kabla ya kugusa kitufe kwamba 50 mara 50 ni 2,500, kwa hiyo jibu liko jirani na hapo. Akiona elfu ishirini na nne anarudia mwenyewe, anapata 2,496.

Nilikuwa nagawa alama mbili kwa maswali hayo: moja ya makadirio, yaliyoandikwa kwanza pembeni kwa wino, na moja ya jibu. Makadirio yakikosekana, alama yake imekwenda hata kama jibu ni sahihi. Wiki ya kwanza watalalamika sana. Wazazi pia. Shikilia hapo hapo.

Simu darasani ni jambo lingine, usizichanganye na kalkuleta. Katika PISA ya mwaka 2022, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, kwa wastani wa nchi za OECD (jumuiya ya nchi nyingi zilizoendelea), wanafunzi takribani 65 kati ya 100 walisema kwamba angalau katika baadhi ya vipindi vya hisabati vifaa vya kidijitali huwavuruga. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha kwamba waliotumia vifaa shuleni kwa ajili ya kujifunza, mpaka saa moja kwa siku, walikuwa na alama za juu kuliko wasiovitumia kabisa. Kifaa chenye kazi maalumu na mwisho unaojulikana hakinisumbui. Kinachonisumbua ni kile kinachokaa mapajani kipindi kizima.

Mwalimu, kusoma kwenye karatasi na kusoma kwenye skrini, kipi bora? Nijibu kwa kifupi maana nasoma kwenye simu.
*Mwenye Haraka*

Riwaya soma popote. Kitabu cha biolojia ambacho kesho kina mtihani, chapisha kurasa hizo. Mapitio ya tafiti 54 yaliyotoka mwaka 2018, yenye washiriki zaidi ya 170,000, yalikuta karatasi iko mbele kwa maandishi ya kuelimisha, hasa msomaji anapokimbizwa na muda. Kwa hadithi hapakuwa na tofauti. Na wewe umesema una haraka.

Mwalimu, shule ya watoto wetu siku hizi hutuma kila kitu kwa simu: kazi za nyumbani, ratiba, hata video za kutazama. Kwetu simu janja ni moja, ya baba yao, inatoka naye asubuhi na kurudi usiku. Watoto watatu wanapanga foleni, wa mwisho akifikiwa ameshasinzia. Shuleni wanaitwa wavivu.
*Mama wa Foleni*

Mama, hao si wavivu. Waliowaita hivyo hawakuuliza swali moja dogo: nyumbani kwenu kuna simu ngapi?

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya madarasa kwa wakati mmoja. Serikali zikakimbilia intaneti, runinga na redio. Agosti mwaka huo UNICEF ikakadiria kwamba watoto wasiopungua milioni 463 hawakuweza kufikiwa na masomo hayo kwa njia yoyote kati ya hizo. Shule zikafunguliwa, watoto wakarudi madawatini, lakini mazoea ya "tumewatumia kwenye simu" yakabaki. Sielewi kwa nini. Mwalimu anawaona watoto wote mbele yake mchana kutwa, ubao uko nyuma yake, halafu kazi anaituma saa mbili usiku kwenye kifaa ambacho nusu ya darasa hawana. Amerahisishiwa mtumaji, si mpokeaji. Na kwa kuwa mwenye simu yake hujibu haraka, shule inaanza kuamini kwamba ndiye mwenye bidii.

Nenda shuleni, lakini usiende peke yako. Tafuta wazazi wenzako wawili watatu wenye hali kama yako. Wapo, wanaona haya tu kusema. Msiombe msaada wa simu, maana hapo mazungumzo yatageuka kuwa ya hisani na yataishia kwenye ahadi. Ombeni mambo mawili: kazi yoyote inayotumwa kwa simu iandikwe pia ubaoni kabla ya kengele ya mwisho, na muda wa kuirudisha uwe siku mbili badala ya kesho asubuhi. Mkuu atakayekataa hayo itabidi aeleze kwa nini, na maelezo hayo si rahisi kuyatoa mbele ya wazazi wanne waliokaa kimya wakisubiri.

Nyumbani, simu ikifika isitumike kufanyia kazi. Itumike kunakili. Kila mtoto anaishika dakika kumi, anaandika maswali daftarini, anampa mwenzake, mdogo akianza. Kazi yenyewe inafanywa kesho yake mchana, simu ikiwa haipo. Kama umesoma jibu langu la kwanza hapo juu, utaona kwamba wanao watakuwa wanafanya kile ninachombembeleza yule mama mwingine amfanyishe binti yake. Hilo halihalalishi foleni, shuleni nenda vile vile.

Shikamoo Mwalimu. Niko chuo, mwaka wa pili. Insha yangu ya Kiingereza niliyoiandika mwenyewe kwa siku kadhaa imerudishwa. Mhadhiri anasema programu ya kugundua akili mnemba imeonyesha asilimia 89 ni ya mashine. Nimelia sana. Nimeitwa kujieleza wiki ijayo. Nifanyeje?
*Msingiziwa*

Marahaba, mwanangu. Futa machozi tupange kazi, wiki si ndefu.

Kwanza ujue unashtakiwa na shahidi wa namna gani. OpenAI, kampuni ile ile iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa programu yake ya kugundua maandishi ya mashine Januari 2023, na Julai mwaka huo huo ikaiondoa kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za namna hiyo kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa za mashine. Za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani karibu zote zilipita salama.

Sababu yake inaeleweka. Sehemu kubwa ya upimaji huo ni kuangalia jinsi neno linalofuata linavyotabirika. Mtu aliyejifunza Kiingereza darasani hutumia maneno ya kawaida na sentensi zilizonyooka, kama alivyofundishwa, na akipunguza madoido ndivyo anavyozidi kufanana na mashine. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwa uangalifu katika lugha ya watu yuko hatarini kuliko mzembe mwenye lugha yake. Chapisha muhtasari wa utafiti huo, kurasa mbili zinatosha, uende nao.

Utafiti hautakusafisha peke yake, kwa sababu utasema tu kwamba programu *inaweza* kukosea. Ushahidi wako ni njia uliyopita. Kama uliandika kwenye Google Docs, au kwenye Word iliyounganishwa na hifadhi ya mtandaoni, fungua historia ya matoleo: inaonyesha siku, saa, na aya zilivyoandikwa zikafutwa na kuandikwa tena. Mashine haifuti aya ya pili saa nne usiku ikairudisha asubuhi. Kusanya karatasi za vidokezo, hata zenye michoro ya kijinga pembeni. Kusanya orodha ya vitabu ulivyoazima. Vipange kwa tarehe.

Kisha ujitolee kuhojiwa, na hilo liseme wewe kabla hawajakuomba: "Niulizeni chochote kuhusu insha hii." Mtu aliyeandika insha kwa siku kadhaa anajua kwa nini mfano wa pili uko pale na si wa kwanza, anajua alichokiacha. Isome tena leo na kesho, maana mtu husahau hata cha kwake, na woga huongeza usahaulifu.

Mambo mawili ya kuepuka. Usiende na matokeo ya programu nyingine iliyosema asilimia 4. Ukifanya hivyo umekubali kwamba hizo namba ndizo hakimu, na mtabaki kushindanisha mashine. Na kama ulitumia programu ya kusahihisha sarufi mahali popote, liseme mwanzoni mwa kikao, taja ni wapi na kwa kiasi gani. Likigunduliwa na wao katikati, karatasi zako zote zitaanza kutazamwa kwa jicho lingine.

Kwa wahadhiri wanaonisoma: kumkalisha mwanafunzi dakika kumi na kumuuliza kuhusu kazi yake ni kazi ya kuchosha ukiwa na wanafunzi wengi, najua. Lakini ukiikabidhi programu kazi ya kumjua mwanafunzi wako, umefanya kile kile unachomshitaki nacho.

Mwanangu, andika leo kuomba kanuni za chuo zinazohusu tuhuma za namna hii, uzipate kwa maandishi, uone nani anaamua na kwa ushahidi gani. Vyuo vingi huruhusu uende na mtu wa serikali ya wanafunzi. Mchukue, hata kama atakaa kimya. Na hayo yote yafanyike kabla alama hazijapelekwa bodi ya mitihani. Zikishapita huko, si maelezo tena, ni rufaa, na rufaa huchukua miezi.